Rilei katika umeme wa nyumbani

Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa nguvu ya umeme badala ya kidole cha mtu. Mkondo mdogo unaopita katika koili hutengeneza sumakuumeme, na sumakuumeme hiyo huvuta kipande cha chuma kinachounganisha au kukata njia ya mkondo mwingine ulio mkubwa zaidi. Kwa njia hiyo saketi ndogo ya volti 5 au 12 huweza kuwasha na kuzima taa, pampu au hita inayotumia umeme wa gridi, ambao nchini Tanzania ni volti 230 na masafa ya hezi 50.

Rilei zimo katika vifaa vingi ambavyo watu huvitumia kila siku bila kujua: mita ya LUKU, kilinda friji, mashine ya kutotolesha vifaranga na pampu ya kujaza tangi. Siku hizi moduli ndogo za rilei huuzwa kwa bei nafuu, na wanafunzi na mafundi huziunganisha na mikrokontrola ili vifaa vya nyumbani vijiendeshe vyenyewe. Kuziunganisha ni rahisi, lakini kosa moja upande wa volti 230 linaweza kuua mtu au kuunguza nyumba. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu rilei si kama itawasha kifaa, bali nini kitatokea siku itakaposhindwa kukizima.

Historia

Jina la rilei limetokana na neno la Kiingereza lililotumika zamani kwa farasi wa kupokezana katika safari ndefu. Farasi aliyechoka aliachwa kituoni na mwingine mwenye nguvu akaendelea na safari. Vivyo hivyo, katika simu ya maandishi ya karne ya 19, ishara iliyofifia kwa urefu wa waya ilipokewa na rilei, nayo ikaanzisha ishara mpya yenye nguvu kutoka kwenye betri ya kituo hicho. Mmarekani Joseph Henry hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyebuni rilei ya sumakuumeme mwaka 1835. Mwingereza Edward Davy naye alitengeneza kifaa cha namna hiyo katika miaka hiyohiyo ya 1830.

Baadaye rilei zilitumika katika vituo vya simu, reli, viwanda na hata kompyuta za kwanza. Kompyuta Z3 ya Mjerumani Konrad Zuse, iliyokamilika mwaka 1941, ilikuwa na rilei zaidi ya 2,000. Tarehe 9 Septemba 1947 wahandisi wa kompyuta Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta mdudu aina ya nondo amenaswa ndani ya rilei moja, wakambandika katika daftari lao la kumbukumbu. Kisa hicho kinaonyesha udhaifu wa rilei ambao upo hadi leo: kontakti zake hufanya kazi vizuri pale tu ambapo ni safi na hazijaharibika.

Muundo na utendaji

Rilei ya kawaida ina sehemu nne kuu:

- Koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma.
- Mkono wa chuma unaovutwa na koili inapopata umeme.
- Springi inayourudisha mkono huo mahali pake umeme wa koili unapokatwa.
- Kontakti, yaani vipande vidogo vya aloi ya fedha vinavyogusana ili kupitisha mkondo mkubwa.

Kwenye rilei nyingi ndogo upande wa kontakti una vituo vitatu vilivyoandikwa COM, NO na NC. COM ni kituo cha pamoja. NO ni kituo ambacho kwa kawaida kiko wazi na huunganishwa na COM pale koili inapopata umeme. NC ni kinyume chake: huwa kimeunganishwa na COM wakati koili haina umeme, na hukatwa koili inapopata umeme. Kwa hita, pampu na mota hutumika kituo cha NO, ili kifaa kizime chenyewe ikiwa saketi ya kuendesha rilei itakosa umeme au kuharibika.

Hakuna waya unaounganisha koili na kontakti. Zinaunganishwa kwa nguvu ya sumaku tu, na katikati kuna plastiki na hewa. Utengano huo ndio unaomlinda mtu anayeshika upande wa volti 5 asifikiwe na volti 230. Kitu chochote kinachoziba nafasi hiyo, kama vumbi lenye unyevu, tone la risasi ya kulehemu au unywele wa waya, huondoa ulinzi huo.

Rilei zilizomo tayari nyumbani

Katika nyumba nyingi za Tanzania rilei ya kwanza ni ile iliyo ndani ya mita ya LUKU. Uniti zinapokwisha, mita hukata umeme kwa kutumia rilei, na tokeni mpya inapoingizwa, rilei hiyo huurudisha. Rilei ya mita ni ya aina inayobaki katika hali iliyoachwa, imewashwa au imezimwa, bila koili kuhitaji umeme muda wote. Mita ni mali ya TANESCO, na mteja haruhusiwi kuifungua.

Rilei ya pili ni ile ya kilinda friji, ambacho wengi hukiita friji gadi. Kifaa hiki hupima volti za umeme unaoingia. Zikishuka au kupanda kupita kiasi, rilei hukata umeme wa friji. Umeme ukitengemaa, hakirudishi mara moja bali husubiri dakika chache. Kusubiri huko kuna sababu: kompresa ikiwashwa kabla shinikizo la gesi ndani yake halijashuka, mota yake hushindwa kuzunguka na huweza kuungua.

Nje ya nyumba, mashine za kukamua mafuta ya alizeti, ambazo ni nyingi mkoani Singida, huwa na rilei ya mzigo uliozidi. Hiyo hukata umeme wa mota ikiwa mbegu zimekwama na mota inavuta mkondo mkubwa kuliko kawaida. Katika kituo cha kupozea umeme cha Singida, kilicho kwenye njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kuna rilei za ulinzi zinazotambua hitilafu na kuamuru vikata umeme vikubwa vifanye kazi. Ukubwa hutofautiana, lakini kanuni ni ileile: ishara ndogo huamuru nguvu kubwa.

Kuendesha rilei kwa mikrokontrola

Rilei ndogo ya volti 5 inayopatikana kwenye moduli nyingi ina koili yenye ukinzani wa takriban ohm 70. Kwa kanuni ya Ohm, volti 5 ukigawanya kwa ohm 70 ni ampea 0.071, yaani miliampea 71. Pini ya bodi ya Arduino Uno inapaswa kutoa takriban miliampea 20, na kikomo chake cha juu kabisa ni miliampea 40. Kwa hiyo koili haiunganishwi moja kwa moja na pini. Pini huwasha transista, na transista ndiyo inayopitisha mkondo wa koili.

Umeme wa koili unapokatwa, usumaku unaoporomoka huzalisha volti kubwa za mwelekeo wa kinyume zinazoweza kuua transista. Kinga yake ni diodi inayowekwa sambamba na koili, upande wake wenye mstari ukielekea chanya. Moduli nyingi huja na transista na diodi hiyo, na baadhi zina optokapla, kijenzi kinachopeleka ishara kwa mwanga ili bodi ya mikrokontrola itengwe na saketi ya koili.

Moduli nyingi huwasha rilei pale pini inaposhuka hadi volti sifuri, si inapopanda. Mikrokontrola inapowashwa, kwa sekunde moja au mbili pini zake huwa hazijapewa amri, na rilei huweza kujiwasha. Kwa taa hilo si tatizo kubwa, lakini kwa pampu au mashine yenye msumeno ni hatari. Kinga ni kuchagua pini inayotulia wakati wa kuwaka, kuweka kikinzani kinachoishikilia pini katika hali ya kuzima, na kujaribu saketi mara nyingi kabla ya kuunganisha volti 230.

Uwezo wa kontakti na aina ya mzigo

Rilei ndogo nyingi zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250. Kwa volti 230 hiyo ni sawa na wati 2,300. Namba hiyo, hata hivyo, ni kwa mzigo wa ukinzani tupu, kama pasi au birika, na kwa rilei mpya halisi. Mkondo wa kifaa hupatikana kwa kugawanya wati zake kwa volti:

- Taa ya LED ya wati 9: takriban ampea 0.04
- Televisheni ya wati 100: takriban ampea 0.43
- Pasi ya wati 1,200: takriban ampea 5.2
- Birika la wati 2,000: takriban ampea 8.7
- Hita ya papo hapo ya bafuni ya wati 5,000: takriban ampea 21.7

Hita ya bafuni haiwezi kabisa kuendeshwa na rilei hiyo. Birika liko karibu mno na kikomo, na mafundi waangalifu hawapitishi zaidi ya nusu ya kiwango kilichoandikwa, hasa kwa moduli za bei ndogo ambazo njia zake za shaba kwenye bodi ni nyembamba.

Vifaa vingine huvuta mkondo mkubwa sana vinapoanza. Mota huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida. Pampu ya nguvu farasi 1 inayotumia takriban ampea 5 ikiwa inazunguka huweza kuvuta ampea 25 hadi 35 inapoanza. Balbu ya waya wa tangsteni ikiwa baridi huvuta zaidi ya mara 10. Chaja na taa za LED zina kapasita zinazojaa ghafla. Mota na transfoma huleta tatizo la pili wakati wa kuzima: cheche hurefuka kati ya kontakti zinapoachana. Cheche hizo hupunguzwa kwa kuweka kikinzani na kapasita ya kufaa umeme wa gridi sambamba na kontakti, au varista sambamba na mzigo.

Kwa pampu kubwa, mota na mizigo ya fezi tatu, rilei ndogo haitumiki kupitisha mkondo wa mzigo. Hutumika kuwasha koili ya kontakta, ambayo ni rilei kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kontakta ndiyo hubeba mzigo.

Kontakti kugandana

Kila kontakti zinapogusana au kuachana chini ya mzigo, cheche huyeyusha chembe ndogo ya aloi. Siku moja chembe hizo hupoa zikiwa zimeshikana, na kontakti zinaganda kama zilizolehemiwa. Koili ikizimwa, springi haina nguvu ya kuzitenganisha. Taa ndogo ya moduli huzimika, programu huandika kuwa kifaa kimezimwa, lakini umeme unaendelea kupita.

Hilo ndilo kosa la rilei lenye hatari zaidi, kwa sababu programu haiwezi kulirekebisha. Amri ya kuzima inaweza kurudiwa mara mia bila kubadili chochote. Kinachoweza kukata umeme ni kifaa cha pili kilicho kwenye njia ileile, kisichotegemea rilei wala mikrokontrola. Kanuni ya jumla ni kwamba mzigo wowote unaoweza kuleta moto, mafuriko au kifo ukibaki umewaka haupaswi kulindwa na rilei moja peke yake.

Mfano wa mashine ya kutotolesha vifaranga

Singida hujulikana kwa kuku wa kienyeji, na mashine za kutotolesha zinazotengenezwa na mafundi hutumia rilei kuwasha balbu au hita. Mayai ya kuku huhitaji joto la nyuzi 37.5 hadi 37.8 za selsiasi kwa siku 21. Joto likifika nyuzi 40 au zaidi kwa saa chache, viinitete vingi hufa.

Ikiwa kidhibiti joto kinawasha balbu mara moja kila nusu dakika, rilei hufanya kazi mara 2,880 kwa siku. Kwa siku 21 hiyo ni mara 60,480. Rilei ndogo nyingi hutarajiwa kudumu takriban mara 100,000 zikiwa na mzigo kamili. Kwa hiyo utotoleshaji mmoja tu huweza kula zaidi ya nusu ya maisha ya rilei, na huenda ikaganda katika utotoleshaji wa pili, mashine ikiwa imejaa mayai na mwenye mashine amelala.

Hatua zifuatazo hupunguza hatari hiyo:

- Kuweka tofauti kidogo kati ya joto la kuwasha na la kuzima, kwa mfano sehemu tatu hadi tano za nyuzi moja. Rilei ikifanya kazi mara moja kila dakika 2 badala ya nusu dakika, idadi hushuka kutoka 60,480 hadi 15,120.
- Kuweka thamostati ya pili ya kimitambo kwenye waya uleule wa hita, iliyopangwa kukata kwenye takriban nyuzi 38.5 hadi 39. Hii hukata umeme hata kama rilei imeganda au programu imekwama.
- Kufunga kihisi joto imara kwenye usawa wa mayai. Kihisi kikianguka nje ya boksi, hupima baridi ya chumba na hita huwaka bila kukoma.
- Kuweka kengele yenye betri yake inayolia joto linapopita kiwango.
- Kubadilisha rilei kabla haijachoka, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko thamani ya trei moja ya mayai.

Mfano wa pampu na tangi la maji

Mfumo wa kawaida una kihisi cha usawa wa maji kwenye tangi na rilei inayowasha pampu. Rilei ikiganda, tangi hufurika. Mahali ambapo maji ni machache kisima hukauka, pampu huzunguka bila maji, na mota au sili zake huungua. Kwa sababu hiyo boya lenye swichi huwekwa juu ya tangi, na kihisi cha kukosa maji huwekwa kisimani. Boya hilo hukata koili ya kontakta moja kwa moja, bila kupitia mikrokontrola. Kwa kuwa kontakta nayo huweza kuganda, sakiti breka ya pampu huwekwa mahali panapofikika haraka.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, mfumo unapaswa kuanza ukiwa umezima, kusubiri dakika chache, kisha kuwasha mzigo mmoja baada ya mwingine. Volti huyumba zaidi katika dakika za mwanzo, na mota nyingi zikianza kwa pamoja huzishusha zaidi.

Kuunganisha upande wa volti 230

Rilei hukata waya wa moto, yaani laivu, si nyutro. Ikikata nyutro, taa itazimika lakini holda itabaki na volti 230, na mtu anayebadilisha balbu akidhani ni salama atapigwa na umeme. Katika wayaringi za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika zile mpya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni ya bluu, na ethi ni kijani yenye mstari wa njano. Nyumba iliyoongezewa vyumba huweza kuwa na rangi za aina zote mbili, na kuna mafundi waliokosea. Rangi haiaminiwi kabla ya kupima.

Kabla ya kugusa waya wowote meni swichi huzimwa, au plagi huchomolewa. Kisha multimita hujaribiwa mahali penye umeme unaojulikana, hupima waya unaotakiwa kuguswa, halafu hujaribiwa tena palepale pa mwanzo ili kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Bisibisi ya testa peke yake haitoshi. Kuzima rilei si kukata umeme kwa ajili ya matengenezo, kwa sababu rilei huweza kuganda au kuwashwa na programu wakati wowote.

Mambo mengine ya kuzingatiwa ni haya:

- Moduli hufungwa ndani ya boksi lisiloshika moto haraka, lililofunikwa. Upande wa chini wa moduli una ncha za lehemu zenye volti 230, hivyo haiwekwi juu ya meza ya chuma wala kuachwa ikining'inia. Boksi la karatasi au la mbao halifai.
- Nyaya za volti 5 na za volti 230 hupita pande tofauti. Kwenye bodi, nafasi ya angalau milimita 6 kati ya pande hizo hutakiwa, na watengenezaji wengi huacha milimita 8 au hukata ufa katikati.
- Waya hulingana na mzigo: kwa kawaida milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Mzigo huwa na fyuzi yake, isiyozidi uwezo wa rilei.
- Ncha ya waya wenye nyuzi nyingi haipakwi risasi ya kulehemu kabla ya kubanwa na skrubu. Risasi hulegea taratibu, mguso hupata joto, na plastiki huungua.
- Waya hubanwa mahali unapoingia kwenye boksi, ili ukivutwa usichomoke kwenye skrubu.
- Umeme wa volti 5 hutoka kwenye chaja nzuri iliyofungwa. Saketi zinazopunguza volti kwa kapasita au vikinzani bila transfoma hufanya upande wote wa volti 5 uwe hai, pamoja na kihisi na waya wa kompyuta.
- Programu huingizwa kutoka kompyuta wakati upande wa volti 230 umechomolewa.

Ethi na RCCB katika maeneo makavu

Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya ethi iliyochimbiwa ardhini. Ardhi hupitisha umeme vizuri ikiwa na unyevu. Singida ni mkoa wenye ukame, mvua zake huja kati ya Novemba na Aprili, na sehemu nyingi zina miamba ya mawe magumu karibu na uso wa ardhi. Wakati wa kiangazi ukinzani wa fimbo ya ethi huweza kupanda sana.

Ikiwa ukinzani huo ni ohm 100 na waya wa moto umegusa bodi ya chuma ya pampu, mkondo utakaopita ardhini ni volti 230 ukigawanya kwa ohm 100, yaani ampea 2.3. Sakiti breka ya ampea 16 haitakatika. Bodi ya pampu itabaki na volti karibu 230, ikimsubiri mtu wa kwanza kuigusa akiwa peku.

Kifaa kinachosaidia hapo ni RCCB, ambacho hulinganisha mkondo unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mfano huo wa ampea 2.3 kingekata mara moja. Kitufe chake cha kujaribia hubonyezwa mara kwa mara ili kuhakikisha hakijakwama. RCCB haimlindi mtu anayeshika waya wa moto na nyutro kwa pamoja, wala haichukui nafasi ya ethi.

Rilei na umeme wa sola

Rilei iliyoandikwa ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu mara nyingi imeandikwa pia ampea 10 kwa volti 30 za mkondo mnyoofu. Tofauti hiyo haipuuzwi. Mkondo geu wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu hauna sifuri, hivyo cheche huendelea kuwaka kontakti zikiwa zimeachana, na huweza kuyeyusha rilei nzima. Paneli kadhaa zilizounganishwa mfululizo kwa pampu ya sola huvuka volti 30 kwa urahisi. Kwa kazi hiyo hutumika swichi au rilei iliyotengenezwa mahsusi kwa mkondo mnyoofu wa volti husika.

Rilei zisizo na kontakti

Zipo rilei zinazotumia trayaki au thairista badala ya kontakti. Hazina mlio wala cheche, na huvumilia kuwashwa na kuzimwa mara nyingi mno, kwa hiyo hufaa kwa hita za mashine za kutotolesha. Zina kasoro zake. Hutoa joto la takriban wati 1 hadi 1.5 kwa kila ampea, na kwa mizigo mikubwa huhitaji bamba la alumini la kupoozea. Zikiwa zimezimwa huvujisha mkondo mdogo, ambao huweza kufanya taa ya LED ing'ae kidogo na kumtikisa anayeigusa. Zinapoharibika, mara nyingi hubaki zimewaka. Sokoni zipo pia bandia zenye uwezo mdogo kuliko ulioandikwa. Hivyo nazo huhitaji kinga ya pili.

Sheria na mafunzo nchini Tanzania

Huduma za umeme husimamiwa kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na EWURA ndiyo hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme. Mabadiliko katika wayaringi ya nyumba, kama kuweka rilei nyuma ya swichi ya ukutani au kwenye ubao wa meni swichi, ni kazi ya fundi mwenye leseni. Ubora wa vifaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). VETA, yenye chuo pia Singida, hutoa mafunzo ya ufundi umeme.

Wanafunzi wa sekondari hukutana na rilei katika mada ya sumakuumeme. Karibu kila jaribio linaloeleza utendaji wake linaweza kufanywa kwa betri na balbu ya volti 12: kuwasha kwa kihisi mwanga, kupima mkondo wa koili, kuhesabu idadi ya mara za kuwasha. Programu iliyofanya kazi kwa siku kadhaa kwenye balbu ya volti 12 ndiyo iliyo tayari kupelekwa kwa fundi ili iunganishwe na volti 230.

Ajali ya umeme

Mwili wenye ngozi iliyolowa huweza kuwa na ukinzani wa takriban ohm 1,000. Kwa volti 230 hiyo ni miliampea 230, wakati miliampea 30 tu huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Aliyenaswa na umeme haguswi kwa mikono. Kwanza meni swichi huzimwa. Ikishindikana, husukumwa mbali na waya kwa mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme. Kama hapumui, hubanwa kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika hadi msaada ufike. Aliyepigwa na umeme hupelekwa hospitali hata akionekana mzima. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji kabla umeme haujakatwa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya dharura ya polisi ni 112.

Tazama pia

- Sumakuumeme
- Kanuni ya Ohm
- Transista
- Fyuzi
- Mkondo geu
- Mkoa wa Singida